Mwezi Mwandamo

Machano alikuwa akitengeneza simu ya mteja, mama yake alipomwita kutoka chumba cha nyuma ya duka. Bi Kazija alikuwa kipofu, na tangu juzi hakuweza kuinuka kitandani.

"Mwanangu, mwezi unaandama leo?"

"Ndiyo, mama. Simu inasema leo."

"Sikuulizi simu. Wewe mara ya mwisho uliuona lini?"

Machano hakukumbuka. Aliwaomba radhi wateja, akambeba mama yake mgongoni, akapanda naye ngazi hadi juu ya paa. Alishtuka kuona mama alivyokuwa mwepesi.

Huko juu aliangaza huku na huku, baina ya matangi ya maji na mabango ya matangazo.

"Siuoni, mama. Nitazame wapi?"

Aliona haya kuuliza. Bi Kazija ndiye aliyemfundisha utotoni pa kuutafuta mwezi.

Bi Kazija alihisi joto la mwisho la jua kwenye shavu lake. Akamshika mwanawe kidevu, akaugeuza uso wake taratibu kuelekea magharibi.

"Hapo. Usiwe na haraka."

Machano akatulia, vidole vya mama yake vingali kidevuni, mbingu ikiiva rangi ya zambarau.