Kifuniko cha Chupa

Kwa miezi miwili, kila asubuhi Zuwena alikuwa akisimama uani kumwomba wifi yake, Riziki, amfungulie chupa ya vidonge. Kifuniko kilitaka kubonyezwa huku kikizungushwa, na vidole vyake, kwa maumivu ya mishipa, vilishindwa hata kufunga vifungo vya gauni.

Leo Riziki aliinua chupa juu, akapaza sauti majirani wasikie. "Omba vizuri! Sema, wifi yangu, nihurumie."

"Nipe chupa."

"Utaifungua kwa meno?" Riziki akacheka, akamrushia.

Zuwena akaidaka. Hilo tu lilimkata Riziki kicheko. Zuwena akabonyeza kifuniko kwa kiganja, akazungusha. Moto ule ule wa maumivu ukampanda hadi begani, lakini vidonge vya miezi miwili vilikuwa vimekwisha kuupunguza makali. Kifuniko kikaachia. Akameza kidonge bila maji, akafunga chupa, akaitia kifuani.

"Kumbe unaweza!" Riziki alifoka. "Miezi yote unatufanya watumwa wako, mwongo mkubwa we!"

Zuwena alimtazama usoni, kisha akautazama mkono wake wa kulia, akavikunja vidole kimoja kimoja. Vyote vitano vikakunjika.