Sababu ya Kuja

Kabla mfasiri hajafungua hata kinywa, mlinzi alishamwandikia sababu ya kuja kwenye daftari la wageni: kudai.

"Naomba uandike 'mazungumzo'," alisema mfasiri.

"Hayo ndiyo mazungumzo yenyewe, dada. Wiki hii umekuja mara tatu." Akamsogezea kalamu. "Weka sahihi hapo."

Akaweka. Hakuwa na nguvu ya kubishana na daftari.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kurasa nne za kufasiri, siku mbili, mkataba wa vipengele sita. Aliituma kabla ya muda, msimamizi wa kampuni akamjibu, "Safi sana, umetuokoa," na mkataba ukafungwa, kazi ikahesabiwa imekwisha. Wiki moja baadaye alimtafuta, akamkosa. Aliandika barua pepe kwa adabu zote. Ikajibiwa na mashine: asante kwa ushirikiano wako, mkataba huu umefungwa. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tano aliiandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja tangu aanze kazi hizi za kujitegemea. Mashine ikamshukuru tena. Simu zake zilikatwa. Alipoazima simu ya jirani, msimamizi alipokea, akaitambua sauti, akasema, "Niko kikaoni," basi, ikawa haipatikani.

Dada yake mkubwa, mchoraji wa mabango, alimjia na somo tayari.

"Mimi nimechorea nusu ya mji huu. Mteja akishapata chake anakuwa kiziwi. Usimbembeleze, mdogo wangu. Mpe tarehe ya mwisho kwa maandishi, ikipita mwanike mtandaoni na picha yake."

"Hakuna muda wa tarehe ya mwisho."

"Kwani hali imekuwa mbaya kiasi hicho?"

Chumbani mwana wa mfasiri alikohoa mara moja tu, kikohozi cha mtoto aliyetoka kucheza na maji, na mama yake akaruka kitini kama kachomwa sindano. Dada mtu akamtazama kwa huruma. Alipoondoka aliacha noti mbili chini ya sahani.

Jioni ile mfasiri aliingia duka la dawa, akazisoma rafu moja baada ya nyingine, akatoka mikono mitupu. Muuzaji alimwita nyuma: "Chukua tu, utalipa ukipata!" Hakugeuka.

Na sasa, asubuhi ya tatu, alikuwa amesimama mbele ya msichana wa mapokezi, ambaye kucha zake zilikuwa ndefu kuliko subira yake.

"Mkataba wako uko wazi?"

"Umefungwa. Ila lazima nimwone msimamizi. Leo."

"Mikataba iliyofungwa, unaandika barua."

"Nimeandika. Hizo hapo."

Kweli, zilikuwa pale pembeni ya meza, bahasha zake tatu juu ya nyingine nyingi za watu wengine, hakuna hata moja iliyochanwa.

"Zinamsubiri mhasibu arudi likizo," alisema msichana.

"Zangu si za mhasibu."

"Barua za vibarua zote ni za mhasibu."

"Mdogo wangu, hili ni jambo la kufa na kupona."

"Wote wanasema hivyo," msichana alijibu, wala si kwa ubaya, akapokea simu.

Mfasiri aliinama juu ya meza ili aseme yote palepale, mbele ya watu. Midomo ilifunguka, neno halikutoka. Siku zote hizo hakuwa amelitamka kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe. Kuliandika kulikuwa rahisi. Kulitamka kulikuwa kama kumeza jiwe kinyumenyume. Mlinzi akamshika kiwiko kwa upole, akamtoa nje.

Hakwenda nyumbani. Aliketi juu ya ukingo wa saruji, maegeshoni, jua likimchoma utosi. Upande wa pili wa uwanja vijana wa ghalani walikuwa wanapakia maboksi kwenye lori, wakirushiana mkono kwa mkono na matani juu. Alijaribu kuyahesabu maboksi. Alipofika mia akaacha, akajiinamia.

Saa nane msimamizi alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia garini haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Mfasiri akasimama mbele ya gari. Honi ikalia. Akaweka mikono yote miwili juu ya boneti. Honi ikalia tena, ndefu. Mlinzi akaja mbio, kirungu kikimpigapiga pajani.

Kioo kilishuka upana wa vidole viwili.

"Unataka kugongwa, dada?"

"Nikigongwa utashuka."

Msimamizi alimkazia macho, akamkumbuka. "Wewe ni yule mfasiri."

"Ndiye."

Akashusha pumzi ya mtu aliyechoshwa, akaipekua simu yake, akaibandika kiooni amwonyeshe. "Haya, soma mwenyewe. Ulilipwa siku ileile uliyoleta kazi, hata senti moja haikubaki. Sasa unatudai nini?"

"Siwadai kitu." Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto anayekiri kosa. "Ile karatasi ya maelezo ya dawa ya watoto, nilikosea. Niliandika vijiko vitatu. Ni kimoja."

Msimamizi alishuka gari likiwa bado linanguruma, akaanza kukimbia kuelekea kwenye lori la dawa.