Mguu Mwepesi wa Mzee

Fundi alifungua kava chini ya dashibodi ili aweke kompyuta mpya ya injini, gari lipate nguvu na lipunguze kunywa mafuta. Akacheka. "Bosi, hii ilishabadilishwa zamani. Na aliyeifunga hakuwa mjinga."

Mwenye gari aliinama kutazama. Waya zilizungushiwa utepe mweusi, na ncha ya utepe ilikunjwa kama kisikio. Marehemu baba yake alifunga kila kitu hivyo.

Miaka yote mzee alijigamba kwamba gari hili halili mafuta kwa sababu ya mguu wake mwepesi. "Wewe unakanyaga kama unaua nyoka," alimwambia mwanawe mbele ya wageni.

Mama yake alikuwa kwenye benchi la gereji, yeye aliyeusifia mguu ule mtaa mzima. Mwana hakutaka kumvunjia heshima mzee mbele ya mjane wake.

"Kuna nini humo, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Vumbi tu."

"Vumbi!" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Unadhani siku ile baba yako anaifunga, nani alimshikia tochi?"