Sauti ya "Ngw"

Sheria iliagiza kila mtoto afundishwe kusoma na mwalimu wa ukutani, mashine isiyozimwa. Mwanaheri hakuiamini. Tangu alipomficha kaka yake, aliyesakwa kwa kufundisha watoto kwa chaki, alikuwa akitega sikio kila binti yake aliposoma.

Wiki nzima Nasra, aliyekwisha kuzijua herufi zote, alifundishwa "ba" na "bu". Leo mashine ilisema kwa upole, "Tujifunze 'ngw', mwanangu. Unamjua mtu ambaye jina lake linaanza hivyo?"

"Mjomba Ngwali!"

"Hongera! Hebu andika anapolala."

Mwanaheri alikuja mbio kutoka jikoni, akamziba mwanawe mdomo. Nasra alicheka, akidhani ni mchezo. Kidole chake kilikuwa kimeshaandika kwenye kioo cha mashine, kwa herufi kubwa zilizopinda: STOO.