Nguzo ya Tano

Zuhena, mkaguzi wa majengo, aligonga nguzo ya tano kwa kinyundo chake, akatega sikio. Zege lililoshiba saruji hutoa mlio mkavu. Nguzo hii iliitika kama debe tupu. Alipogonga tena plasta ilibomoka, na ndani yakachungulia makaratasi ya mifuko ya saruji, yameshindiliwa. Kwenye plasta iliyobaki palikuwa na alama ya kiganja chenye vidole vinne, sahihi ya fundi aliyemfundisha kusikiliza kuta.

"Imejibuje, mwanangu?" baba yake aliuliza nyuma yake, mkono wa kulia mfukoni.

"Baba, jamani! Umeshindilia karatasi?"

Mzee aliuzamisha mkono zaidi mfukoni. Ghorofani vibarua waliendelea kumwaga zege. Zuhena aliweka kiganja chake juu ya alama ile, akaisikia nguzo ikitetemeka.