Mikono ya Kulinganisha

"Baba, gonga hivi vitone viwili, harakaharaka," Tilila alisema, akimpa simu yenye programu ya kupima mikono. Alihitaji mikono yenye afya ya kulinganisha na ya wagonjwa wake.

Baba akacheka. "Mikono iliyotia nakshi masinia ya shaba mjini Fez miaka arobaini ndiyo unaipima? Lete!"

Vidole vilianza kwa kasi, vikapungua, vikasita. Tilila akaichukua simu, akasoma: dalili za mapema za ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

"Vipi, mwanangu, nimewashinda wagonjwa wako?"

"Umewashinda wote, Baba."

"Si nilikwambia!" Akachukua birika ammiminie chai. Zamani alikuwa akimimina kutoka juu, povu likijaa. Sasa mdomo wa birika uligongagonga ukingo wa glasi.

Tilila akaibana glasi kwa viganja viwili, ili baba asisikie mlio huo.