Ritifaa ya Bibi Ng'washi

Bibi Ng'washi alikuja zahanati mara ya tatu kufuata kadi yake, na kompyuta ikakwama tena kwenye jina lake.

"Tuandike Ngwashi tu, bibi," karani akamsihi.

"Huyo simjui."

Tunu, aliyeitunga programu ya kutoa kadi hizo, akaitwa, akaketi kuipitia mstari kwa mstari, mpaka akalibaini kosa. Ritifaa, kile kialama kinachoning'inia baada ya Ng, programu ilikisoma kama amri, si sehemu ya jina. Akairekebisha ipokee kila jina kama mwenyewe anavyoliandika. Kadi ikatoka.

"Nisamehe, bibi. Kosa lilikuwa langu."

Bibi akaisoma kadi polepole, akacheka. "Na wewe, mwanangu, jina lako alikupa nani?"

Tunu akaiacha kompyuta, akasogeza kiti karibu naye.